Bibi wa Kwenye Sinki

Wodi yetu ya watoto njiti ilikuwa na tangazo ukutani: nawa mikono kabla ya kumgusa mtoto. Tulilifuata sote, nilivyoamini mimi, isipokuwa daktari bingwa wetu. Yeye alitoka kwenye gari lake moja kwa moja hadi kwa mtoto, nasi manesi tukamfuata tukiangalia sakafu. Njiti hana kinga. Uchafu wa kidole kimoja unatosha kumwondoa. Tulilijua hilo, na bado hakuna aliyethubutu kumwambia mkubwa. Mimi mdomo ninao, ila kazi nayo naipenda.

Kisha akaja bibi mwenye duka la vitambaa Kariakoo, mjukuu wake kazaliwa na kilo moja na kidogo. Nilikuwa namjua. Siku moja niliingia dukani kwake nikila mihogo ya kukaanga, nikataka kupapasa kitambaa cheupe cha kanzu, akanifukuza mpaka barabarani. Nilipomwona wodini, shetani akaninong'oneza. Nikamwekea stuli karibu na sinki, nikamweleza hatari iliyomkabili mjukuu wake, nikamwomba asimpitishe mtu ambaye hajanawa. Vyeo vya watu sikumtajia.

Saa tatu asubuhi daktari akaingia. Bibi akamkingia mkono.

"Baba, mikono hiyo inatoka wapi?"

Akajieleza kuwa yeye ndiye bingwa wa wodi. Bibi akamjibu kwamba hata wateja wake wana vyeo, na bado kitambaa hawagusi kabla ya kunawa. Sisi tukawa tunakunja shuka zilizokwishakunjwa. Bingwa akavua saa, akanawa mpaka kwenye viwiko, bibi akimwonyesha alikoruka katikati ya vidole. Nilikimbilia chumba cha dawa nikacheka mpaka machozi.

Nikarudi, nikatia simu mfukoni, nikamwinamia mjukuu wake nimbadilishe nepi.

"Na wewe, mwanangu?"

Mkuki kwa nguruwe. Nikasema nilinawa asubuhi.

"Asubuhi," alisema, akanisogezea sabuni.

Sikumkasirikia. Nilinawa taratibu, uso ukiniwaka kwa aibu. Miaka tisa nimewabadilisha nepi watoto wale, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Si wote waliotoka na mama zao. Nilianza kuwakumbuka mmoja mmoja, maji yakimwagika, mpaka bibi akainuka akafunga bomba mwenyewe.