Wimbo Unaowaacha Besi Peke Yao

Niliondoka Tukuyu kwa sababu ya mstari mmoja wa nota. Najua wapo waliosafiri kwa mambo makubwa zaidi. Lakini mstari huo ulikuwa umemtoa baba yangu kwenye kwaya aliyoiongoza tangu sijazaliwa, nami nilikuwa nimechoka kumwona akisikiliza ibada kutoka nje, ameketi kwenye benchi chini ya dirisha kama mtu anayesubiri kuitwa dirisha la dawa.

Mambo yalikuwa hivi. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Johannesburg, Joni kama wazee wa kwetu walivyoiita, akarudi na blanketi, baiskeli na daftari. Ndani ya daftari alikuwa amenakili wimbo kwa nota za do-re-mi, zile zinazoandikwa kwa herufi, safu nne kwa sauti nne. Juu yake aliandika "Wimbo wa Mwalimu Mzee", basi. Maneno ya Kiswahili aliyatia mwenyewe, ya kushukuru kwa mavuno, na kwaya yetu ikaupenda mpaka ukawa wimbo wa kila sherehe. Mimi mwenyewe niliingia kanisani siku ya harusi yangu kwa wimbo huo, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tatizo lilikuwa mwisho wake. Katika mstari wa mwisho safu za sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zimeachwa tupu. Besi peke yao wana nota nne, na baada yake vistari virefu hadi ukingoni mwa karatasi. Kwa watu wa nota, kistari maana yake ni shikilia sauti. Baba alisema kilichoandikwa ndicho kiimbwe: wengine wanyamaze, besi washikilie mpaka pumzi iishe. Mzee Ambilikile, besi mkubwa kuliko wote na rafiki yake tangu utoto, alisema karatasi ilikatika, au babu alisinzia akinakili. Sikukuu moja ya mavuno Baba akawashikisha besi ile nota ya mwisho mpaka wawili wakakaa chini wakikohoa, na kanisa zima likaangua kicheko. Wiki iliyofuata Mzee Ambilikile alileta mwisho alioutunga yeye, wa sauti zote nne na Amina ndefu kama njia ya kwenda Kyela. Kamati ikaupokea. Baba aliweka kijiti chake cha kuongozea juu ya meza, akatoka. Kwaya nikakabidhiwa mimi, jambo ambalo halikumfurahisha mtu hata mmoja, nikiwemo mimi.

"Nenda Joni," Baba aliniambia likizo ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia. "Katafute wimbo wenyewe. Kama nimekosea, nitasimama mbele ya kwaya niwaombe radhi. Kama sikukosea, waniombe wao. Lakini nisife bila kujua, Tusa."

Nikafunga daftari la babu ndani ya kitenge, nikavuka Tunduma.

Siku ya pili, Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, afisa wa forodha alikifungua kitenge changu akatazama zile herufi kwa kukunja uso. Aliniuliza kwa Kiingereza kama ni maandishi ya siri. Nikamwimbia mstari wa kwanza hapo hapo mbele ya mabegi ya watu. Uso ukamfunguka, kumbe naye aliwahi kuimba kwaya shuleni. Akauinamia ukurasa akaimba sauti ya tatu vizuri tu, foleni nyuma yetu ikinung'unika, mpaka akafika mwisho. "Mama, karatasi yako imekatika," aliniambia kwa huruma, akagonga muhuri. Nilipanda basi nimenuna. Hata forodha walikuwa upande wa Mzee Ambilikile.

Harare tulibadilisha basi. Beitbridge, mpakani mwa Afrika Kusini, tulisimama kwenye mstari mpaka miguu ikavimba. Baada ya hapo barabara ilinyooka, nyasi zilikuwa kavu na za rangi ya manjano, na baridi iliingia kupitia dirisha lisilofunga. Babu hakuwahi kutueleza lolote kuhusu Joni ila jambo moja: kulikuwa na baridi. Hilo niliweza kulithibitisha mapema.

Siku ya nne asubuhi, Park Station, kituo kikuu cha Johannesburg. Mama Furaha alikuwa akinisubiri. Ni Mkongo wa Bukavu aliyewahi kuishi Mbeya na kuimba sauti ya pili pamoja nami katika kwaya ya huko, kabla hajaendelea na safari yake kusini.

"Tusa, weye! Umenenepa, ni vizuri. Leta ile sakoshi, nikubebee. Lakini mu taxi usiseme sana, eh? Kimya tu mpaka kwetu Yeoville."

"Kwa nini?"

"Batu bengine habapendi kusikia lugha yetu. Tutasema ku nyumba, dada."

Tukakaa kimya kama wanafunzi waliochelewa. Ndani ya taxi nilihesabu majengo marefu na nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza vyake, nikaona jinsi mwenzangu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa tatu, alivyoibana midomo mpaka tuliposhuka. Iliniuma. Hakuwa mtu wa kunyamaza.

Mchana huo huo, saluni. Mama Furaha ana viti vitatu kwenye Rockey Street, na hapo alicheka kwa fidia ya safari nzima. Aliniambia nimwimbie huo wimbo ulionitoa Tukuyu. Nikauimba kwa furaha kama tunavyouimba kwetu, nikipiga makofi. Msichana mmoja wa Soweto aliyekuwa akisukwa akageuza shingo ghafla, msusi akabaki na rasta mkononi. Akasema neno kwa Kizulu.

"Anauliza nini?" nikamwuliza Mama Furaha.

"Anauliza nani amekufa."

"Mwambie hakuna aliyekufa. Ni wimbo wa mavuno. Wa harusi pia."

Mama Furaha akatafsiri. Msichana akaweka mkono mdomoni. "Eish," alisema, akaeleza taratibu, naye Mama Furaha akanipa vipande vipande: bibi yake anaujua, wanaume wa kanisa lao huuimba makaburini. Mwenye wimbo alikuwa mwalimu wa zamani sana, na kitukuu wake yuko hai, mwalimu mstaafu, Gogo Nomvula, anaishi jengo fulani pale Joubert Park, katikati ya jiji. Gogo maana yake bibi. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Nilijiona nikiingia kanisani na shela yangu, nikitabasamu, kwa wimbo wa makaburini.

Kesho yake, Joubert Park. Lifti ilikuwa imekufa, na mlinzi wa jengo, Mrundi mpole aitwaye Desire, alipotusikia tukilalamika kwa Kiswahili alitupokea kama ndugu na kutupandisha mwenyewe hadi ghorofa ya sita. Gogo Nomvula alifungua mlango akiwa amejifunika blanketi mabegani. Ni mwembamba, ana miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Tulizungumza kwa Kiingereza, changu cha ubaoni na chake cha mwalimu asiyevumilia makosa.

"Unasema wimbo wa babu mkuu wangu unaimbwa Tanzania?" aliniuliza. "Wapi?"

"Kwenye harusi, Gogo."

Alicheka mpaka akashika ubavu, akafuta miwani yote miwili, akaniita mwanangu kwa Kizulu, "Keti, mntanami. Keti nikwambie ulikuwa ukiolewa na nini."

Hapo ndipo nilipomjua Mwalimu Mzee. Alikuwa mtoto wa mchunga ng'ombe, amezaliwa kabla mji huu haujakuwa hata na jina. Alianza kusoma akiwa na ndevu tayari, akikaa dawati moja na watoto. Herufi za kitabu zilimpiga chenga, lakini siku alipoandikiwa herufi za nota ubaoni aliziimba zote bila kufundishwa mara ya pili. Akawa mwalimu. Hakuwa na kinanda wala hakuwahi kukimiliki. Alikuwa na ubao mweusi, ambao aliubeba mgongoni kutoka kijiji hadi kijiji, na uma wa chuma wa kutolea sauti, aliouficha ndani ya kofia yake usipotee. Alitunga nyimbo ubaoni, watu wakazikariri, akazifuta ili kupata nafasi ya nyingine. Nyingi zilipotea hivyo, kwa kitambaa chake mwenyewe. Gogo alilisema hilo kwa hasira, kama aliyeshuhudia.

Kisha dhahabu ikapatikana, na wanafunzi wake wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Walimu wengine walifunga shule wakalaumu tamaa ya vijana. Yeye aliubeba ubao akawafuata. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na huku hakukuwa na jiji, kulikuwa na mahema, vumbi na mashimo. Jumapili aliusimamisha ubao kati ya mabweni ya wachimbaji, akafundisha watu wa lugha ambazo hakuzijua, kwa maana herufi saba za nota hazina kabila. Sijawahi kusikia sifa ya mtunzi iliyonigusa kuliko hiyo, na nimewasikia watunzi wakisifiwa kwa vinanda na makasri.

"Lakini watu walikufa," Gogo aliendelea. "Na wasimamizi hawakutoa muda wa ibada. Walitoa muda wa kuchimba na kufukia tu. Ukisimama kuimba, unapigiwa kelele urudi kazini."

Akaleta daftari lake, limefungwa kwa utepe, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Nikafungua kitenge changu. Tukaweka madaftari mawili kando kwa kando. Mstari wa mwisho ulikuwa ule ule: safu tatu tupu, besi nota nne, kisha vistari. Karatasi yetu haikukatika. Baba hakukosea.

"Imba," Gogo alisema. Akaugonga uma ule ule wa chuma kwenye goti lake, akatupa sauti. Mimi wa kwanza, Mama Furaha wa pili, Gogo akachukua ya tatu kwa sauti yake iliyopasuka. Besi hatukuwa naye. Desire, aliyekuwa bado mlangoni, akakohoa kidogo.

"Mimi naimbaka besi, mama. Kwa kanisa yetu."

Gogo akamwonyesha nota nne. Tulipofika mwisho tukanyamaza watatu, Desire akaziimba nne zake na kushikilia ile ya mwisho kama Baba alivyotaka. Gogo akampiga begani.

"Hapana! Usishikilie. Vistari hivyo siyo nota, ni koleo. Imba nne, nyamaza, inama, tupa udongo. Kisha nne tena."

Desire akainama, akachota hewa, akatupa. Akaimba tena. Akainama tena. Mara ya tatu, ya nne, ya tano.

"Sasa huu wimbo, Gogo," aliuliza akihema, "unaishaka wapi?"

Nikamtafsiria Gogo. Akajibu, "Shimo linapojaa."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa akili ya Mwalimu Mzee. Sauti tatu ziliimba zikisindikiza maiti na kunyamaza ukingoni, maana msimamizi hakuruhusu watu wasimame wakiimba. Lakini hakuna msimamizi anayemkataza mtu kuimba akiwa anafanya kazi. Kwa hiyo sala akawapa wenye koleo. Hakuandika mwisho kwa sababu hakujua shimo litachukua muda gani.

"Migodini ulidumu mpaka nikiwa msichana," alisema Gogo. "Wachimbaji waliuimba. Babu yako alikuwa sauti gani?"

"Besi," nilisema, na hapo nikaelewa. Babu hakunakili wimbo kutoka ubaoni kwa mtu. Alisimama pale na koleo. Akarudi nyumbani, akautia maneno ya mavuno ili tusiulize aliwafukia wangapi, akatuambia kulikuwa na baridi. Nililia bila kujificha. Mama Furaha akanishika mkono.

Nilikaa Johannesburg siku nne zaidi, nikanakili daftari la Gogo ukurasa kwa ukurasa, nyimbo zote zilizookoka na kitambaa. Park Station Mama Furaha alinifungashia mikate, akaniambia kwa sauti yake kamili, watu wakigeuka, "Salimia besi!"

Tukuyu, Jumamosi jioni, niliita kwaya na kumwita Baba aingie ndani. Aliingia. Nikasema kila kitu kama nilivyokisema hapa: kwamba alikuwa sahihi kuhusu ukimya, na alikosea kuhusu vistari. Baba akasimama. "Besi, nimewakosea pumzi zenu," alisema. "Mnisamehe." Mzee Ambilikile naye akasimama, akitazama viatu vyake. "Na mimi nimemkosea mwenye wimbo. Na wewe pia, ndugu yangu."

Nilidhani yameisha. Lakini Baba aliendelea kusimama.

"Siku tuliyomzika baba yangu tuliimba nyimbo zote," alisema polepole. "Tuliimba zote, ila wake."

Niliondoka nikitafuta nani yuko sahihi, na nimerudi nikijua kwamba wimbo unaweza kupenya mahali ambapo mtu hakuruhusiwa hata kusimama. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye kaburi la babu, ambalo lilikuwa limetitia katikati kwa mvua za miaka mingi. Tuliimba tukitembea, bila makofi, na ukingoni sisi wa sauti tatu tukanyamaza. Baba na Mzee Ambilikile walishika koleo. Nota nne, udongo. Nota nne, udongo. Walikuwa wazee, walikwenda taratibu, na hakuna aliyejitolea kuwapokea. Kaburi lilipokuwa sawa na ardhi Baba alilipiga kwa bapa la koleo, akanyamaza. Nikamtazama Mzee Ambilikile. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka kwa Amina. Akaifunga.