Shairi Lisilo na Mwenyewe

Shuleni mwalimu alitusimulia juu ya mwandishi mmoja wa Ulaya wa karne iliyopita, aliyeshinda mikahawani na marafiki zake, hana kazi wala kitanda cha kueleweka, akitunga tu. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mtu wa namna hiyo nilimjua, na alikuwa Garissa.

Huyu wetu alitunga mashairi. Vita ya serikali na waasi walioitwa shifta ilipoanza alikuwa na kundi la ngamia. Ilipofika kati hakuwa na hata kamba ya kumfungia mmoja. Baada ya sala ya alasiri alikaa katika banda la chai la mama mmoja mjane, nyuma ya soko la mifugo, mpaka amri ya kutotoka nje ikaribie. Nami nilikuwa kijana niliyemaliza shule katikati ya vita, kazi hakuna, barabara zimefungwa; nikawa hapo kila siku. Mama wa chai tulimwita eddo, yaani shangazi. Alipenda kumchokoza mtunzi.

"Wenzako wanatunga vita, wewe unatunga kiu ya chai."

"Chai yako hii, eddo, inahitaji mtu wa kuiombea dua."

Wa nne wetu alikuwa mchuuzi wa mbuzi, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuhifadhi. Kwetu shairi halikai kwenye karatasi. Mtunzi ana mhifadhi wake, anayelishika kwa kulisikia, kisha akalipeleka visimani na sokoni. Na kabla hajalianza humtaja mwenyewe: jina lake, la baba, la babu. Asiyetaja ni mwizi, sawa na aliyefuta alama ya ngamia wa mtu.

Ngamia wa mwisho wa mtunzi walipigwa risasi na askari wakiwa kisimani. Kwa muda mrefu hakutunga; alikuja banda la chai akanywa, akaondoka. Kisha alasiri moja akaanza kumpa mhifadhi maneno, kipande kwa kipande, naye akiyarudia amefumba macho. Halikuwa na tusi hata moja shairi lile. Lilimuuliza ngamia jike ni nani aliyemfundisha kuogopa maji. Lilipokwisha, eddo alikuwa ameshika birika bila kumimina.

Siku hizo watu walikuwa wamechukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Tukakubaliana shairi litoke bila jina. Likiulizwa, ni la kale, mwenyewe hajulikani. Mtunzi alichorachora mchangani kwa kidole.

"Ngamia nimenyang'anywa. Na hili mnataka nilifute alama kwa mkono wangu?"

"Afadhali shairi likose baba," eddo akamwambia, "kuliko wanao."

Akaufuta mchoro kwa kiganja, ndiyo ikawa amekubali. Mhifadhi akaapa kutolitaja jina.

Alipata kibali cha kwenda Bura kutafuta mbuzi, huko ambako wafugaji walikuwa wamekusanywa kijiji kimoja chini ya ulinzi. Alirudi bila mbuzi, akakaa nje ya banda, haingii. Ilibidi eddo amvute mkono. Akatueleza kwamba watu walisikiliza mpaka wakalia, kisha wakauliza ni la nani. Aliposema halina mwenyewe, wakamcheka. Garissa siku hizi mnaiba mpaka maneno? Alivumilia. Lakini mwanamke mmoja aliinuka akawavuta wanawe, akawaambia wasimsikilize mwizi. Hapo akataja.

Eddo alimgeukia mtunzi akamwambia aondoke saa hiyo hiyo, aende Sangailu kwa ndugu zake. Mtunzi hakumsikia. Alikuwa akimtazama mhifadhi.

"Babu ulimtaja?"

"Nilimtaja, walaal, ndugu yangu."

Akamaliza chai yake. Kisha akasema akimbilie wapi, kila njia ina kizuizi, na anayetembea porini bila kibali huhesabiwa shifta. Alisema kweli. Tulibaki tukimtazama kama watu wanaosubiri lori ambalo hawataki lifike.

Askari walimjia kwenye banda la chai, sisi sote tupo. Afande aliyataja majina yote matatu kwa mpangilio wake, lake, la baba, la babu, kama yalivyotajwa Bura. Mtunzi alisimama kabla hajamaliza. Tuliambiwa ni maswali machache tu. Viatu vyake vilibaki chini ya benchi, maana alikuwa na desturi ya kuvivua. Eddo alivitunza mpaka mchwa wakavila. Kaburi hatukuonyeshwa.

Mhifadhi hakusoma tena shairi la mtu yeyote. Ukimuuliza lile, alisema amelisahau, na mwisho ikawa kweli amelisahau. Mimi kichwa changu kilikuwa kimezoea kalamu, nikabaki na mistari michache tu. Nikahama. Isiolo, Mombasa, Wajir. Hakuna mahali nilikokaa mwaka nikatulia, na kila nilipofika niliuliza kama kuna anayelijua shairi lile.

Mwaka jana, kwenye kisima karibu na Dadaab, mwanamke kijana alikuwa akinywesha ngamia huku akiwaimbia. Ilikuwa mistari miwili ya shairi lile. Nilimuuliza ni ya nani.

"Haina mwenyewe," akasema. "Ya zamani tu."

Nikamtajia jina, la baba na la babu. Akaniuliza kama ni mtu wa ukoo wangu. Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kuvuta kamba.