Kikohozi Kwenye Hedifoni

Kila Bi Chausiku aliposhuka kutoka kijijini Kinole kumtembelea bintiye mtaani Mwembesongo, alikuja na ndizi na dai lake lile lile: kwamba yumo ndani ya wimbo. Wimbo wenyewe ni wa dansi, ulirekodiwa ukumbini hapa hapa Morogoro yeye akiwa msichana, na redio huupiga mpaka leo. Ukimwuliza aliimba wapi, anajibu hakuimba, yumo tu. Ukoo ulimcheka mpaka ukachoka. Mkwewe Abeid naye alicheka, ila chumbani, kama heshima ya ukwe inavyotaka.

Abeid huchapa barua za watu kwa kompyuta ya Linux badala ya Windows waliyoizoea watu, aliyoichagua kwa ubishi tu, maana mtaa mzima ulimkataza. Raha yake ni kusikiliza muziki kwa hedifoni. Lakini sauti ya kompyuta ile ilivuma kama friji la soda, hata uvumilivu ukamwisha, akanunua kadi ya sauti ya kuchomeka nje, ndogo kama kiberiti. Akaichomeka. Kimya. Akahangaika asubuhi nzima, kumbe Linux, kwa hekima yake, ilikuwa inapeleka sauti yote kwenye skrini, na skrini yenyewe haina spika. Alipoiamuru ipeleke kwenye kadi mpya, mvumo ukatoweka.

Akaijaribu kwa wimbo wa mama mkwe. Gitaa lilipotua baada ya ubeti wa pili, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kike.

"Shadya," alimwita mkewe, "lisemwalo lipo. Mama yumo."

Bi Chausiku, aliyekuwa amefika siku hiyo, akaacha sufuria jikoni, akataka kusikia mwenyewe. Lakini hedifoni zilikuwa zimetoka masikioni mwa mkwe wa kiume, bado zina joto, na yeye hata kiti alichokalia Abeid hakikalii. Shadya akazifuta kwa khanga. Mama akasema bado. Akazifuta kwa maji ya ndimu. Bado. Basi zikaanikwa kwenye kamba, kati ya shuka na gauni, na watu wazima watatu wakakaa kusubiri joto la mkwe litoke liingie la jua.

Zilipoiva, Abeid akatoka nje, akasimama dirishani kama mgeni nyumbani kwake. Shadya akamvika mama hedifoni juu ya mtandio. Mama akasikiliza, akaomba irudishwe, akasikiliza tena.

"Mwambie mwenzio huyo siye mimi," alisema. "Huyo marehemu dada yangu, Mwanahawa. Alikuwa na kifua."

Abeid aliingiwa na huruma. Marehemu huyo hakuacha hata picha.

"Sasa wewe uko wapi, mama?" Shadya aliuliza.

"Wanamuziki walituruhusu tusimame mlangoni mwa ukumbi wakirekodi, kwa ahadi ya kunyamaza. Alipokohoa mara ya kwanza, nikamziba mdomo kwa kiganja. Alitaka kukohoa tena, nikamshika mpaka wimbo ukaisha. Mwulize mwenzio, kikohozi cha pili amekisikia?"

"Hapana," Abeid alijibu kutoka dirishani.

"Basi ndipo nilipo."

Shadya hakujua acheke au alie. Bi Chausiku akavua hedifoni, akazipitisha dirishani kwa mkono wake mwenyewe, bila kuzifuta. Abeid akazipokea kwa mikono miwili, akazivaa zikiwa na joto, akasikiliza pale pasipo na kitu.

"Nimekusikia, mama," alisema.