Mgowe Kwenye Uwanja wa Zahanati

"Nipe sababu moja nisikupeleke gerezani leo hii," hakimu aliniambia. Nilikuwa nimesimama kizimbani Mafinga na kandambili zangu, miguu bado ina udongo wa zahanati, na askari ananitazama kama mtu anayekadiria mzigo utaingiaje kwenye gari. Watoto nilikuwa nimewaacha wanamenya viazi. Nikawaza, jioni hii nani atawaambia mama yao yuko wapi?

Na kosa lenyewe siku hiyo halikuwa moto. Kwa moto nilishahukumiwa. Kosa lilikuwa mgowe.

Ngoja nirudi nyuma. Mimi ni mjane, nalima viazi na maharage kijijini, mbele kidogo ya Igowole. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nasema kama nilivyoona. Kiangazi kile shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuja kunisaidia kusafisha shamba. Nikamwambia majani tuyalundike tu, tusichome, upepo mkali. Akanicheka. "Shemeji, wewe utaogopa hata jiko lako!" Nilipokwenda kuchota maji, yeye akapiga kiberiti. Narudi, moto umesharuka barabara, umeingia kwenye paini za shule. Tuliuzima kwa matawi mabichi mpaka nyusi zangu zikaungua; moja imeota nusu mpaka leo.

Mtendaji wa kijiji alikuwa anapita. Alimwona shemeji na kiberiti mkononi. Lakini hao wawili hunywa pamoja. Kesho yake shemeji akapanda basi la Mbeya, na mtendaji akawa kipofu. Mahakamani alisema, "Ninachojua mimi, shamba ni la huyu mama." Basi, nikapatikana na hatia.

Mimi nilidhani hukumu ni jela tu. Kumbe ziko za aina nyingi, na hakimu alinikunjulia moja moja kama muuza vitenge. Kuna kufungwa gerezani. Kuna faini. Kuna kifungo cha nje, unakaa kwako, lakini ukikosea tena unaingia ndani. Kuna kumfidia uliyemharibia mali. Halafu kuna huduma kwa jamii: unalala kwako, unafanya kazi ya umma bila malipo, msimamizi anakuangalia. Afisa ustawi wa jamii alikuwa ameshawauliza majirani mimi ni mtu wa namna gani. Wakamwambia nina mdomo, lakini si mtu mbaya. Ndiyo nikapewa hiyo ya mwisho: nifyeke na kulima uwanja wa zahanati, kisha nipande paini upya pale palipoungua.

"Unakubali?" hakimu akauliza.

"Nakubali, mheshimiwa, hata ukisema nianze na uwanja wako hapo nje."

Hata karani alicheka. Nikacheka na mimi, mpaka nilipoambiwa msimamizi ni nani. Mtendaji. Ndiyo, yule yule.

Sasa huku kwetu, ukimwona mtu yuko peke yake kwenye eneo kubwa, humwachi. Unakwenda kuchukua jembe. Mnalima wote huku mnaimba, mwenye kazi anatoa ulanzi, pombe ya mianzi, na ushirika huo ndio mgowe. Siku ya kwanza kina mama waliokuja kupima watoto wao walinikuta nimeinama.

"Kamwene!"

"Kamwene."

"Mbona peke yako, umegombana na kijiji kizima?"

"Ni adhabu hii."

"Adhabu gani ya kulima? Si tunalima kila siku!"

Kesho yake wakaja na majembe. Na kwa kuwa mwenye kazi ni serikali, na serikali haitoi ulanzi, wakabeba wa kwao, ndoo nzima. Jua halijawa kali, uwanja ulikuwa unang'aa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Mtendaji naye alikunywa, nilimwona. Akafuta mdomo, akapanda pikipiki, akaenda kunishtaki kwamba nimeleta watu wanitumikie adhabu.

Ndivyo nilivyojikuta tena kizimbani, nadaiwa sababu. Ikasikika sauti nyuma, ya bibi jirani yangu.

"Mheshimiwa, naomba niseme. Huyu hakutuita. Tulijileta."

"Hamkujua ni adhabu?"

"Tulijua. Ndiyo maana tulikuja wengi."

Hakimu aliinama, mabega yanatikisika.

"Na mtendaji," bibi akaongeza, "alikunywa vikombe viwili."

Hapo hakimu alishindwa kujizuia. Alipomaliza kucheka alisema adhabu ni yangu, haigawanywi kama chakula cha msibani. Kazi ile haikuhesabika, nianze upya, ulanzi marufuku, na kuanzia sasa atanisimamia nesi. Nilitoka pale mwepesi, kama nimeshuka salama na parachuti.

Nikaanza upya. Kina mama waliendelea kuja, ila mikono mitupu, wanakaa kwenye ukuta wanapukuchua maharage na kuniimbia.

"Umeacha kisiki pale!"

"Njoo ung'oe wewe!"

"Aa, hakimu amenikataza!"

Sijawahi kucheka hivyo kwenye kazi ya kulipwa.

Uwanja nilimaliza, paini nikapanda. Shemeji yuko Ilomba, huko huko Mbeya, anauza spea za pikipiki. Kila sikukuu hupiga simu: "Shemeji, si yaliisha salama?" Yaliisha kwa nani? Jina lililosomwa mahakamani ni langu.

Shemeji, kando ya barabara, pale moto uliporukia, pana mstari mmoja sijaupanda. Nesi anajua, hakimu anajua. Mashimo yako tayari, miche naimwagilia. Panda basi uje. Kabla hujashika jembe, simama kwenye mkutano wa kijiji useme kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani. Na wewe mtendaji, ukae mbele, siku hiyo macho yako yawe yamepona. Nawasubiri mnijibu.