Kuku wa Chanjo na Kuku wa Maombi

Juzi pale Ikungi, kwenye duka la dawa za mifugo, mama aliyekuwa mbele yangu aliomba chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima.

"Nipe ya kutosha nusu ya kuku wangu."

Muuzaji akamtazama. "Na nusu nyingine, mama?"

"Hao nimemkabidhi Mungu. Nikiwachanja wote, nitakuwa nimemwambia hatoshi. Nikiwaombea wote, na kideri nakijua..." Akatikisa kichwa.

"Wa maombi wakifa je?"

"Imani yangu itakuwa haba. Wa chanjo wakifa, tutaonana hapa hapa."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mama akageuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba." Mchungaji akasogea, akashusha sauti kama yuko kando ya kitanda cha mgonjwa. "Yule jogoo mwekundu uliyeahidi kumtoa kwa sadaka ya mavuno, yuko kundi gani?"

"La maombi, mchungaji."

Mchungaji akaitazama chupa ya chanjo, kisha dari.

"Mhamishe."

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu sayansi na imani. Hayo ndiyo mafupi kuliko yote, na ndiyo pekee niliyoyaelewa.