Mwalimu Aliyepima Somo Lake Mwenyewe

Wanafunzi walimbandika jina la Fasili, maana hakuna kipindi alichoanza bila kuandika fasili ubaoni. Alikuwa amefundisha shahada ya masoko kwa miaka kumi na tisa. Mkuu wa idara alipomwita na kumwambia chuo kinataka shahada ile ipimwe somo kwa somo, alikubali papo hapo.

"Nani anaijua kuliko wewe?" mkuu alisema.

Akaanza na mitaala na matokeo ya mitihani. Huko mambo yalikuwa shwari. Kisha akachukua orodha ya wahitimu, akawapigia simu mmoja mmoja, arobaini na watatu, akiwauliza somo gani liliwafaa kazini na lipi halikuwafaa.

Wa kwanza kufunguka alikuwa dada mwenye duka la rangi za nyumba.

"Mwalimu, nikisema utakasirika."

"Sema tu, binti yangu."

"Ni somo lako, Tabia za Wateja. Nilipata A. Siku ya kwanza dukani mteja akaniuliza rangi ya ukuta wenye unyevu, nikabaki kukodoa macho. Sikuwa nimewahi kuongea na mteja hata mmoja."

Fasili alicheka, ila kicheko hakikushuka moyoni. Baada ya dada yule, wahitimu ishirini na sita walilitaja somo lile lile.

Jioni alimwonyesha mkewe, fundi cherehani, karatasi zile. Mkewe akatoa pini mdomoni.

"Sasa utaandika au utameza?"

"Nikiandika nimejivua nguo hadharani."

"Si una fundi nyumbani? Nitakushonea nyingine."

Akaandika. Sura ya tatu ya ripoti ilianza hivi: Somo dhaifu kuliko yote ni Tabia za Wateja, na mwalimu wake ni mimi. Kwenye kikao cha idara, mwenzake mmoja alimnong'oneza kwamba amewapalia makaa wote. Mkuu wa idara akafungua ripoti, akaifunga, akauliza, "Unapendekeza nini?"

"Nipeni likizo ya mwezi mmoja. Nikajifunze kuuza rangi."

Yule dada alidhani ni utani mpaka alipomwona mlangoni, mikono ya shati imekunjwa. Alimpa kazi ya kupanga makopo na kusikiliza. Makopo hayakumshinda. Lakini mteja akifungua tu kinywa, Fasili tayari ana maelezo.

"Mwalimu," dada alimvuta pembeni, "mwache mama wa watu amalize."

Wiki ya tatu akaingia mzee aliyetaka rangi nyeupe. Fasili aliuliza ni ya chumba gani, kisha akajikaza asiseme zaidi. Mzee akaeleza taratibu kwamba ni chumba cha mkewe, ambaye macho yake huumia kwenye mwanga mkali. Wakapaka vibao vitano, wakavitazama juani na kivulini. Mzee alichukua rangi ya krimu hafifu, akamshika Fasili mkono kwa muda mrefu.

Mtaala mpya wa Tabia za Wateja ulipitishwa mwaka uliofuata. Wanafunzi wa mwaka wa pili sasa hukaa madukani wiki sita, na nusu ya alama hutolewa na wenye maduka. Wapo wanaonung'unika. Walimu wawili wameomba masomo yao nayo yapimwe upya, na Fasili ndiye anayewapigia simu wahitimu wao.