Programu Iliyosubiri Marahaba

Hadi mwaka wa tisini na nane, Alamin Chirau alikuwa fundi wa pekee wa kompyuta kati ya Ukunda na Vanga, na cheo hicho kilimkaa vizuri, maana hapakuwa na mwingine wa kukijaribu. Kisha akarudi Dianah Mwangangi, binti wa walowezi wa Kikamba wa Shimba Hills, na diploma yake ya Nairobi. Alamin akaanza kupatwa na kiungulia.

Bi Mbeyu, mkuu wa chuo kidogo cha ufundi Msambweni, alikuwa amepewa msaada wa kompyuta kumi na mbili, hakuna mbili zilizofanana. Zote zilikuwa tupu, hazina mfumo wa kuziendesha.

"Kila mmoja wenu atachukua sita," aliwaambia mafundi hao wawili. "Atakayezimaliza kabla ya sala ya Ijumaa ndiye atakayekuwa fundi wa chuo."

Alamin alikuja na programu yake ya kuwekea mfumo, kazi ya miaka mitatu: mistari elfu nne, mmoja umeshikana na mwingine kama mkeka. Ilikuwa na adabu. Kabla ya lolote iliandika kwenye kioo, "Shikamoo," ikasubiri. Usipoandika "Marahaba," haikusogea.

Ya Dianah haikuwa na adabu wala kutu. Ilikuwa na kiini kidogo kisichojua kitu ila kuwaita wengine kwa zamu: wa kuuliza maswali, wa kugawa diski, wa kunakili mafaili. Kila mmoja alikuwa na faili lake, na hakujua siri za mwenziwe. Diski ikiwa ya ajabu, Dianah alibadilisha mgawaji tu, wengine wakaendelea na shughuli zao.

"Vipande vipande," Alamin alinong'ona. "Kama mkate wa hoteli." Lakini macho hakuyaondoa.

Ijumaa saa nne asubuhi, Dianah alikuwa amemaliza tano. Alamin alikuwa kwenye ya tatu, na Jemima, karani wa chuo kutoka bara, ndiye aliyekaa kwenye kibodi. Kompyuta ikamwamkia. Jemima akaandika, "Poa."

Kimya.

"Mzee, imekufa?"

"Haikufa. Inangoja uitikie kama mtu aliyelelewa."

"Mimi nataka iwake tu, si kunioa!"

Chumba kizima kikacheka. Bi Mbeyu hakucheka. "Bwana Alamin, hebu iondoe salamu hiyo, tafadhali."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Alifuta salamu, akaanzisha upya, na programu ikagawa diski mahali pasipo pake. Miaka mitatu nyuma, ili kuokoa mistari michache, alikuwa ameutumia urefu wa jibu la salamu, yaani idadi ya herufi za "Marahaba," kuhesabia diski ianze kugawanywa wapi. Wakati ule aliona ni ujanja.

Adhana ilimkuta kwenye ya nne. Dianah alikuwa ameshafunga mkoba.

Wivu ulimkaa Alamin kooni kama mwiba wa samaki changu. Kushindwa angeweza kuvumilia. Kilichomkera ni kwamba alikuwa ameielewa programu ya yule msichana mara moja, lakini mwenyewe asingeweza kuibuni hata kwa miaka kumi.

Dianah akamjia. "Shikamoo, mzee. Naomba ile salamu yako."

"Marahaba. Ya kunichekea?"

"Ya kutumia, wallahi sikutanii. Watu wa Majoreni na Vanga wataipenda. Nitaiwekea faili lake; asiyeitaka ataitoa."

Alamin alitaka kukataa. Lakini aliwaza ile programu ya msichana ikizunguka pwani nzima bila yeye, akaona heri awemo.

"Faili liitwe alamin," akasema. "Kwa jina langu, si vinginevyo."

"Sawa kabisa."

Akaenda msikitini akiwa karibu na furaha. Ilikuwa katika rakaa ya pili, mahali ambapo mtu hapaswi kuwaza kompyuta, ndipo alipotambua kwamba kuanzia Ijumaa hiyo palikuwa na kitu kiitwacho alamin, na kwamba mtu yeyote, hata Jemima, angeweza kukiondoa na kazi ikaendelea vizuri kabisa.